Hasira za baba: nimezirithi au najitetea tu?

Kimyakimya:
Wakuu, naomba ushauri. Juzi usiku mwanangu wa miaka sita alimwaga maji kwenye makaratasi yangu ya kazi. Kabla sijajijua, nilishabamiza kikombe ukutani. Hakulia. Alirudi nyuma polepole, kiganja kimefunika sikio. Kile kiganja nakijua: ni changu, mbele ya baba.
Mama anasema damu ya kina baba ndivyo ilivyo. Nikasoma kidogo mkabala wa kibiolojia katika saikolojia: jeni, homoni, ubongo. Kusema kweli nilipata nafuu, kumbe si mimi! Halafu nikaogopa. Kama si mimi, nitabadilisha nini?

Bisibisi:
Mkuu, mama hajakosea sana. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa kazi za reli, Phineas Gage, alitobolewa fuvu na mtaimbo. Alipona, akaishi hadi 1860, ila rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo mtaimbo uliiharibu, ndiyo breki zetu za hasira.

Mama Wawili:
Bisibisi, kaka wa watu hajapigwa mtaimbo 😀. Tuzungumze jeni. Ipo moja inaitwa MAOA, inayosaidia kuvunja kemikali za ubongo kama serotonini. Mwaka 1993 hitilafu yake ilihusishwa na ukorofi wa wanaume wa ukoo mmoja Uholanzi. Ukaja utafiti wa Dunedin, New Zealand, mwaka 2002: wenye MAOA dhaifu walioteswa utotoni ndio hasa waliokuwa wakatili ukubwani. Waliolelewa salama, udhaifu huo haukuwafikisha huko.
Kaka, baba alikuwa anakupiga?

Kimyakimya:
Mkanda. Karibu kila wiki.

Mama Wawili:
Pole sana. MAOA mwanaume huipata kwa mama, ila jeni nyingine za baba na mkanda vyote vimetoka kwa mtu mmoja, hakuna wa kukutenganishia kwa macho. Ila mkanda mwanao hajaurithi bado. Kabla ya kikombe, mwili ulikuambia nini?

Kimyakimya:
Taya lilikaza. Masikio yakawa moto.

Bisibisi:
Hapo ndipo pa kutoka chumbani, mkuu. Adrenalini, ile homoni ya hasira na hofu, ikishapanda haisikii hoja, iache ishuke. Na mtafute mwanasaikolojia, usimalizane nayo peke yako.

Kimyakimya:
Mrejesho: nimepata miadi wiki ijayo. Mtoto nimemwomba radhi, nikamwambia masikio yakipata moto baba atatoka nje. Sasa kila nikikaa anakuja kuyashika.