Degedege la watoto wachanga: majaribio ya bumetanaidi yaendelee au yaachwe?

Mtoa mada:
Wadau, naleta hoja. Watoto waliozaliwa wamechoka kwa kukosa hewa, wakipata degedege, kwa kawaida huanziwa fenobabitoni, dawa inayoipa nguvu GABA, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Kwa mtu mzima GABA hutuliza: chaneli, yaani mlango mdogo kwenye ukuta wa seli, inafunguka, kloridi inaingia kwenye seli ya neva, seli inanyamaza. Kwenye seli changa mambo yako kinyume. Protini ya NKCC1 imeshajaza kloridi ndani, na KCC2 inayoitoa bado ni chache. Chaneli ile ile ikifunguka, kloridi hutoka, na seli inasisimka. Ben-Ari na wenzake walilionyesha hilo kwa panya wachanga mwaka 1989. Bumetanaidi, dawa ya siku nyingi ya kukojoza, huzuia NKCC1, ili kloridi isijae ndani na GABA iweze kutuliza. Msimamo wangu: majaribio yaendelee.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, mbona umeruka penye uchungu? Jaribio la dawa hiyo lililoitwa NEMO, la Ulaya, lilisimamishwa likiwa na watoto 14 tu. Kati ya 11 walionusurika, 3 walipata tatizo la kusikia. NKCC1 haiko kwenye ubongo peke yake. Sikio la ndani linaitegemea kutengeneza majimaji yake. Tena dawa yenyewe hupenya kwenye ubongo kwa shida mno. Na ridhaa je? Mama katoka kujifungua, mtoto anakakamaa, halafu unampa fomu asaini!

Mtoa mada:
La ridhaa sina jibu zuri. La masikio ninalo. NEMO haikuwa na kundi la kulinganisha. Wachanga mahututi mara nyingi hupewa pia jentamisini, dawa ya kuua bakteria, nayo inajulikana kwa kuharibu usikivu, na kukosa hewa kwenyewe huweza kuuathiri. Sasa utamlaumu nani? Kwangu hapo ndipo palipokosewa: watoto waliingizwa hatarini katika jaribio lisiloweza kujibu swali. Jaribio la Boston lililochapishwa 2021 lilikuwa na watoto 43, wengine wakipata fenobabitoni bila bumetanaidi, na degedege lilipungua zaidi kwa waliopewa zote mbili.

Mchangiaji wa tatu:
Lilipungua kwa kipimo gani? Nauliza kwa sababu ubongo haukomai wote kwa pamoja. Sehemu za ndani hutangulia, gamba la nje huchelewa, kwa hiyo GABA inaweza kutuliza huko ndani huku gamba likiendelea kusisimka. Ukimpa mchanga fenobabitoni, mikono inaweza kuacha kutetemeka, macho yakatulia, wodi nzima ikapumua, kumbe kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, mawimbi ya degedege bado yanapanda na kushuka. Na hakuna anayeweza kupima kloridi ndani ya seli za mtoto aliye kitandani. Njiti na aliyetimiza miezi wanapimiwa dozi kwa kilo, kana kwamba neva zao zina umri mmoja.

Mtoa mada:
Boston walihesabu kwa EEG, ndugu. Ila la umri wa neva umenibana: hata mimi nisingekubali jaribio jipya linalowachanganya njiti na waliotimiza miezi kwenye kundi moja.

Mchangiaji wa pili:
Na usikivu upimwe kabla ya dozi ya kwanza, kila inapowezekana. La sivyo, mimi bado napinga.