Kiyoyozi kinadondosha maji ndani, mpira wa nje ni mkavu

Swali

Ndugu mafundi, habari za kazi. Kiyoyozi changu cha ukutani kinadondosha maji ndani, na hii ni wiki ya pili. Maji hayaji mara tu ninapokiwasha: hupita kama dakika 40 ndipo tone la kwanza huonekana kwenye kona ya kulia, kisha maji huteremka ukutani hadi nikizime. Vichujio nimeviosha. Mpira wa kutolea maji, ambao zamani ulikuwa ukichuruzika mchana kutwa, sasa ni mkavu kabisa. Fundi mmoja amesema gesi imepungua na inapaswa kuongezwa. Je, gesi ndiyo chanzo?

Jibu la kwanza

Ndugu, huo mpira mkavu ndio wa kuuanzia. Unyevu wa hewa hugeuka maji kwenye koili baridi (mabomba yaliyojikunja ndani ya kiyoyozi, yanamopita gesi), maji hayo huangukia kwenye trei iliyo chini yake, na kutoka hapo hushuka nje yenyewe kwa kufuata mteremko, kwani viyoyozi vingi vya ukutani havina pampu. Nadhani dakika 40 ndio muda ambao trei yako huchukua kujaa.

Gesi ikipungua, maji yanaweza kumwagika kweli, lakini kwanza koili hushika barafu. Kiache kifanye kazi saa moja, kizime, kisha fungua kifuniko umulike kwa tochi: ukiona koili imelowa tu, bila ganda jeupe popote, usikubali kulipia gesi.

Baada ya hapo kata umeme kwenye swichi kuu, umimine nusu lita ya maji polepole kwenye trei, mbali na upande wa nyaya. Yasipotokea nje, mpira umeziba, mara nyingi kwa utelezi unaoota palipo na giza na unyevu. Fyonza kutokea nje kwa mashine inayokubali maji, huku ukizungushia kitambaa pale inapokutana na mpira ili hewa isivuje. Nakusihi usipulize kwa kompresa, maana kiungo kilicho nyuma ya kiyoyozi kinaweza kuchomoka, na maji yakaanza kuingia ukutani bila wewe kujua.

Jibu la pili

Naongezea kwamba mpira ukishazibuliwa, uangalie njia yake yote. Unapaswa kushuka angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda mahali popote, kwa sababu palipolegea na kufanya tumbo ndipo uchafu hutuama. Ncha yake nayo isizame kwenye ndoo wala mtaroni, kwani hewa hunaswa ndani na kuzuia maji. Weka pia pimamaji (kifaa cha kupimia usawa) juu ya kiyoyozi, kwa maana kikiinamia upande usio na tundu la kutolea maji, trei itafurika hata kama mpira ni safi.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Koili haikuwa na barafu. Nilipofyonza, kilitoka kitu cha kahawia kinachovutika kama kamasi, chenye urefu wa kidole, na maji yakafuata kwa nguvu. Kuhusu tumbo mlikuwa sahihi: kibano kimoja kilikuwa kimeng'oka, na mpira ukalegea kabla ya kupanda tena kwenye kibano kinachofuata. Nimeurudishia kibano, nikamimina nusu lita nyingine, na yote imetoka nje. Tangu jana mchana ukuta ni mkavu.