Matofali ya kuchezea na hesabu za kutoa, binti wa la pili ananishinda

MamaIgoma: Habari zenu wakuu, niko Mwanza. Binti yangu yuko la pili, kujumlisha anajitahidi ila ukimpa 13 toa 7 anachora vijiti kwenye daftari, akikosea kimoja anaanza upya mpaka analia. Juzi nikapita Mlango Mmoja kwenye mitumba nikaokota mfuko wa yale matofali ya plastiki ya kuunganisha, mengine Lego mengine sijui ya wapi. Sasa kahamia huko, anahesabu vile vinundu vya juu kimoja kimoja. Au nimetupa hela?

Ticha_Mstaafu: Hujatupa mama. Ila usimpe mfuko mzima, atajenga ghorofa na hesabu hutaiona 😂 Toa la vinundu 8, la 6, la 4, la 2 na yale madogo ya kinundu kimoja basi. Mwanzoni usitaje hesabu, alizoee la 8 kwa kuliona tu, kama wewe unavyoijua noti ya elfu mbili bila kuisoma. Halafu mjengee kumi: la 8 weka la 2 mbele yake, pembeni la 6 na la 4, ataona urefu ni uleule. Sasa 13 toa 7, anaweka kumi moja na vinundu vitatu pembeni, anatoa vile vitatu, bado anadaiwa 4, ila kumi lake ni la 8 na 2 halina la 4, kwa hiyo anaenda kuchenji, analeta la 6 na la 4, anatoa la 4 linabaki 6. Ndo kule kukopa tunakopigia kelele ubaoni na watoto wanatukodolea macho tu.

Msukuma_Halisi: Mambo mengi. Sisi Sengerema tulihesabu kwa vizibo vya soda na tukajua

Ticha_Mstaafu: Vizibo vizuri mkuu, sivipingi, ila kila kimoja ni moja. Nane haishikiki mkononi.

BabaPacha: La 8 pia linafaa kwa kuzidisha, ni mistari miwili ya nne nne, ligeuze ni mistari minne ya mbili mbili, mtoto anaona mwenyewe ni kitu kilekile. Ila hayo ya mchanganyiko mengine hayashikani, yajaribu kwanza, na uyaoshe. Kama kuna mdogo wake anayetambaa vile vidogo ficha, wangu aliweka kimoja puani tukakesha.

MamaIgoma: Mrejesho. Jana umeme ulikatika tukakaa na tochi ya simu, nikamwekea 15 toa 8. Kutoa tano kwanza akagoma, akalinyofoa lile la 8 lote kutoka kwenye kumi, likabaki la 2, akalisogeza kwenye zile 5, akasema saba. Ticha, hii njia shuleni wataikubali?

Ticha_Mstaafu: Waikatae kwa lipi? Mpe 14 toa 6 uone atang'oa lipi.