Binti yangu kakoseshwa kwa kuandika sayari ni nane. Walimu mliomo humu, hii imekaaje?

Wakuu, nimelala na hasira nimeamka nayo, bora niiandike hapa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, niko Mbeya, shule niliishia kidato cha nne. Binti yangu Neema yuko darasa la sita kwenye shule ya kulipia, na hiyo ada naitafuta kwa kukesha na mageti ya watu. Ijumaa kaja na karatasi ya mtihani wa mwezi, sayansi. Sina tabia ya kugombana na walimu. Mtoto akikosa, amekosa, arudie kusoma. Ila hii karatasi nimeisoma mara tatu.

Swali la 4: mfumo wa Jua una sayari ngapi? Kaandika nane. Kosa, pembeni kwa kalamu nyekundu 9. Swali la 5: sayari iliyo mbali zaidi na Jua ni ipi? Kaandika Neptuni. Kosa, Pluto. Swali la 11, lenye alama nne: eleza jinsi sayari zilivyotokea. Hapo mtoto kajaza mistari yote kwa ule mwandiko wake wa kubana, kwamba kulikuwa na wingu kubwa la gesi na vumbi, likajikusanya kwa uzito wake lenyewe huku linazunguka, katikati pakawa Jua, vumbi lililobaki likawa linagongana na kushikana mpaka zikatokea sayari. Sifuri. Chini yake mwalimu kaandika: "Sayari ni vipande vilivyomeguka kutoka kwenye Jua. Soma notisi."

Jumatatu nikafunga karakana nikaenda. Mwalimu kanipokea vizuri, kiti kanipa, sina la kusema kwenye heshima. Lakini jibu lake ndilo lililoniwasha: "Baba Neema, mimi nasahihisha kwa notisi. Mtoto akileta ya kwenye simu siwezi kumpa alama." Nikamuuliza, mwalimu, je, alichoandika ni uongo? Akasema hilo ni suala lingine.

Suala lingine vipi?

Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari tarehe 24 Agosti 2006, wanasayansi wa anga wa dunia nzima walipokutana Prague, kule Ulaya. Neema alikuwa hata hajazaliwa! Na hawakuiondoa kwa kuionea. Waliweka masharti matatu: kizunguke Jua, kiwe na uzito wa kukifanya kiwe mviringo, na kiwe kimesafisha njia yake. Pluto inashindwa hilo la tatu, maana inapita katikati ya kundi kubwa la magimba ya barafu yaliyoko ng'ambo ya Neptuni. Yenyewe ina kipenyo cha kilomita 2,377, Mwezi wetu una 3,474. Mwaka 2005 lilitangazwa gimba jingine la huko mbali, Eris, ambalo ukubwa wake unakaribiana na wa Pluto, kwa hiyo ilikuwa ama uiite Eris sayari ya kumi na uendelee kuongeza kila ikigunduliwa nyingine, ama ukubali kwamba hizi ni jamii nyingine. Wakaziita sayari kibete. Wala si mara ya kwanza: Ceres ilipogunduliwa mwaka 1801 nayo iliitwa sayari, baadaye ikaonekana ina wenzake kibao kati ya Mirihi na Mshtarii, ikatolewa.

Sasa mjue Neema alianzaje kuyajua haya. Si simu. Ni Kimondo.

Mwaka jana nilimpeleka Mbozi, kwenye kile kimondo cha pale kilima cha Marengi. Ambao hamjafika, nendeni. Watu wanaliita jiwe, lakini mimi ninayeshika chuma kila siku nawaambia lile si jiwe, ni chuma kitupu chenye nikeli ndani, urefu mita 3 hivi, uzito unakadiriwa tani 16. Ilikuwa saa nane mchana, Jua la kiangazi. Neema kaweka kiganja, kakirudisha haraka, chuma kilikuwa kimeshika moto. Kakipuliza kiganja, kakitazama kile kitu kwa muda, halafu akaniuliza: "Baba, nani alikiyeyusha?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule tukaanza kutafuta, na hatujaacha mpaka leo.

Jibu fundi yeyote atalielewa. Ukiyeyusha chuma kichafu, chuma kinashuka chini, mavi ya chuma yanaelea juu. Mfumo wa Jua ulipoanza, miaka bilioni 4.6 iliyopita, yale magimba madogo yaliyokuwa yanajikusanya baadhi yaliyeyuka, chuma kikazama katikati, mawe yakabaki juu. Mengine yakagongana yakapasuka, na vipande vya yale matumbo ya chuma ndivyo wanasayansi wanaona ni asili ya vimondo vingi vya chuma. Dunia yetu nayo ilijipanga hivyo hivyo, ndiyo maana kiini chake ni chuma. Yaani mtoto kaugusa kwa mkono wake ushahidi wa swali la 11, akaenda kupewa sifuri!

Na ukishaelewa lile wingu, aina za sayari unazielewa bila kukariri. Karibu na Jua palikuwa na joto kali, maji yalibaki mvuke, kilichoweza kuganda ni mawe na chuma. Ndiyo hizi nne ndogo ngumu: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi. Mbali zaidi baridi iliruhusu barafu nayo igande, mbegu za sayari zikanenepa haraka, zikavuta haidrojeni na heli iliyokuwa imezizunguka. Ndiyo Mshtarii, yenye uzito wa Dunia 318, na Zohali. Uranusi na Neptuni hazikuwahi kukusanya gesi nyingi hivyo, ndani yake wingi ni maji, amonia na methani. Notisi za Neema zinasema tu "sayari za ndani" na "sayari za nje", mstari mmoja, kwa nini ziko hivyo hakuna. Halafu Pluto imetupiwa mwishoni, haiko kwenye mawe, haiko kwenye gesi.

Hilo la vipande vya Jua nalo nimelifuatilia, maana sikutaka kumvunjia mwalimu heshima kwa kubahatisha. Kweli liliwahi kuwa wazo la watu wazito. Mfaransa Buffon karne ya 18 alifikiri nyotamkia iligonga Jua. Mwingereza Jeans, mwaka 1917, akasema nyota ilipita jirani ikachomoa gesi. Lakini mwaka 1939 Lyman Spitzer alionyesha kwamba gesi ya moto namna hiyo ikichomolewa inatawanyika, haijikusanyi kuwa sayari. Na mwaka 2014 darubini za ALMA kule Chile zilipiga picha nyota changa HL Tauri, imezungukwa na sahani ya vumbi yenye pete pete, kama sahani ya santuri. Neema ameichora nyuma ya daftari. Hatubishani tena kwa mawazo, picha ipo.

Nimalizie na majina. Kwenye notisi Zohali ni sayari ya saba, ya sita imeitwa Sarateni, ya nane Kausi, na Utaridi ndiyo Pluto. Sarateni na Kausi ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota, kaa na upinde, muulizeni mzee yeyote wa pwani anayejua falaki. Tangu enzi za mababu Zohali ni jina la hii tunayoijua leo kwa pete zake. Utaridi ndiyo Zebaki, iliyo jirani kabisa na Jua, leo inapelekwa mwisho wa foleni! Mtoto akichukua kitabu kingine anakuta majina yamehama.

Walimu mliomo humu, mnaotunga mitihani na mnaosahihisha, nijibuni bila kuzunguka. Simtaji mwalimu wala shule, alama zenyewe sizililii. Jana usiku Neema kaniuliza, mtihani wa kufunga muhula ukija aandike ngapi, nane au tisa. Alikuwa ameshika kalamu, anasubiri. Nimemwambia aandike nane.