FreeBSD 14.3: skrini nyeusi baada ya kusasisha kutoka 14.2. Naweza kuirudisha bila kufuta diski?

Mwanagenzi_BSD

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunishauri nisimike upya.

Nina laptopu yenye kadi ya picha ya Intel, inaendesha mfumo wa uendeshaji wa FreeBSD juu ya ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili). Ilikuwa kwenye 14.2, imetulia kabisa. Nimeisasisha kama mwongozo unavyoelekeza:

`freebsd-update -r 14.3-RELEASE upgrade`
`freebsd-update install`

Nikaiwasha upya ili nije nimalizie ile `freebsd-update install` ya pili, ya programu za mfumo. Sikufika huko. Maandishi meupe yanashuka kama kawaida, diski zinatambuliwa, mtandao unatambuliwa, halafu pale ambapo herufi huwa zinabadilika ukubwa, skrini inakuwa nyeusi tii. Taa ya Caps Lock haiitikii. Ikikaa kidogo inajiwasha yenyewe na kurudia yaleyale.

Kuna kazi zangu humo ambazo nakala zake za akiba ni za zamani. Je, data iko salama? Naweza kurudi 14.2? Na hii ni hitilafu ya kuripoti kwa wasanidi?

Tarishi

Pole sana mkuu. Ushauri wangu ni mfupi: washa kwa fleshi, okoa data, hamia Linux. FreeBSD naiheshimu sana kwenye seva, ila kwenye laptopu mambo ya kadi za picha yananichosha.

Bi_Mizizi

Usifute chochote. Kwa unavyoeleza, diski yako haijaguswa na mfumo wako ni mzima. Kinachoanguka ni moduli moja tu (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli), i915kms, yaani draiva ya picha ya Intel. Ilijengwa kwa ajili ya kerneli (kiini cha mfumo) ya 14.2, sasa inapakiwa ndani ya kerneli ya 14.3. Pale herufi zinapobadilika ukubwa ndipo draiva ya picha inaposhika skrini, na ndipo kerneli yako inapozimia. Kujiwasha kwake ni kawaida: kerneli ya RELEASE ikizimia husubiri sekunde 15 kisha huanza upya.

Kwanza okoa kazi zako. Menyu ya FreeBSD ikitokea, ingia Boot Environments (nakala za mfumo unazoweza kuwashia). Utakuta jina linaloanza na 14.2-RELEASE likifuatiwa na tarehe na saa. Hilo freebsd-update ililitengeneza yenyewe kabla ya kugusa kitu. Lichague, washa. Utarudi kwenye mfumo wako wa jana, na kerneli yake na moduli zake. Faili zako za /home ziko kwenye dataseti (sehemu ya ZFS inayojitegemea) ya peke yake, kwa hiyo hazirudi nyuma. Chukua nakala za akiba hapohapo, kabla ya kitu kingine chochote. Uchaguzi wa kwenye menyu ni wa mara hiyo moja tu, ukiwasha tena utaangukia 14.3.

Ukiwa tayari kuitengeneza 14.3, chagua Single User kwenye menyu. Huko rc.conf, faili ya mipangilio yenye kld_list (orodha ya moduli za kupakia), haisomwi, kwa hiyo moduli haipakiwi na skrini inabaki hai. Kisha:

`mount -u /`
`zfs mount -a`
`sysrc kld_list-=i915kms`
`reboot`

Itawaka kwa maandishi matupu, bila madirisha. Usihangaike, ndivyo tunavyotaka. Sasa fuata mpangilio huu bila kuuruka:

`freebsd-update install`
`pkg update -f`
`pkg install -f -r FreeBSD-kmods drm-61-kmod`

Nasisitiza mpangilio kwa sababu wengi wanakwama hapa. pkg, programu ya kusimika pakeji, haiulizi kerneli ni toleo gani. Inasoma kutoka kwenye programu za mfumo zilizomo kwenye diski. Ukiiendesha kabla ya ile install ya pili, programu hizo bado ni za 14.2, basi itakuletea moduli ya 14.2 kwa mara nyingine na utarudi kwenye giza lilelile ukidhani dawa haifanyi kazi.

Halafu jaribu kwa mkono kwanza, `kldload i915kms`. Skrini ikibaki hai, irudishe kwenye rc.conf kwa `sysrc kld_list+=i915kms`. Na usiendeshe `zpool upgrade` mpaka uwe na uhakika hutaki tena kurudi nyuma.

Tarishi

Dada, haya maelezo ni mazuri. Lakini kwa nini mtumiaji apitie yote haya? Si wangezuia moduli isiyolingana isipakiwe?

Msasi

Hilo ni swali la haki, na nalijibu kama mtu anayeandika msimbo wa upande huo.

FreeBSD inaahidi kwamba ndani ya tawi moja kubwa, mathalani 14, moduli iliyojengwa kwa toleo la mwanzo itaendelea kufanya kazi kwenye yanayofuata. Ndiyo maana kerneli haikatai kuipakia. Ila draiva za picha hazikuandikwa kwa ajili yetu. Hiyo 61 kwenye jina la pakeji inamaanisha Linux 6.1, msimbo wake umetoka huko, na unaendeshwa ndani ya kerneli yetu kupitia tabaka linaloitwa LinuxKPI. Tabaka hilo halimo kwenye ahadi. Linabadilika kila mara kwa sababu linaikimbiza Linux. Muundo mmoja wa data ukiongezewa sehemu moja tu katikati, moduli ya zamani inasoma baiti zisizo zake, inazichukulia kuwa anwani ya kumbukumbu, na kerneli inazimia.

Hazina ya FreeBSD-kmods ilianzishwa kwa ajili ya tatizo hili: moduli zinajengwa kwa kila toleo dogo peke yake. Kinachobaki ni pengo alilotumbukia mwenzetu, yaani ile mara ya kwanza kuwasha kerneli mpya kabla pkg haijapata nafasi. Mimi naona mwongozo ungepaswa kumwambia kila mwenye laptopu aondoe moduli ya picha kwenye kld_list kabla ya kusasisha. Ni mstari mmoja tu na ungeokoa watu wengi.

Mwanagenzi, ukiwa kwenye 14.2 angalia /var/crash. Nayo ni dataseti ya peke yake, kwa hiyo inaonekana kutoka matoleo yote mawili. Kama dumpdev yako kwenye rc.conf ni AUTO utakuta vmcore, nakala ya kumbukumbu ya kerneli ilipozimia. Ukisharudi 14.3, yenye kerneli ileile iliyozimia, simika pakeji ya gdb, endesha `crashinfo`, kisha tuwekee mwanzo wa core.txt.

Mwanagenzi_BSD

Wakuu, nimerudi kwenye 14.2 kupitia menyu na kazi zangu zote nimezikuta. Asanteni sana, nilikuwa sina usingizi. Nakala za akiba nimeshachukua.

core.txt.0 inasema `Fatal trap 12: page fault while in kernel mode`, na kwenye mlolongo wa funksheni chini yake majina ya drm na i915 yamejaa. Nimefuata hatua za dada Bi_Mizizi kama zilivyo. Sasa niko 14.3 na madirisha yanafunguka vizuri.

Limebaki jingine: nikifunga mfuniko laptopu inalala, nikifungua inaamka lakini skrini haiwaki. Kwa ssh (kuingia toka kompyuta nyingine kupitia mtandao) naingia bila shida. Kwenye 14.2 ilikuwa inaamka.

Msasi

Hiyo sasa ndiyo ya kuripoti. Ya kwanza chanzo chake kinajulikana. Hii ni kitu kilichokuwa kinafanya kazi kikaharibika, na sina mashine yako mezani. Wasanidi wengi wa draiva hizi ni watu wa kujitolea, ripoti ya "skrini haiwaki" peke yake inakaa tu. Kwa kuwa ssh inakubali, una bahati: laptopu ikiwa imeamka na skrini nyeusi, ingia kwa ssh uchukue:

`uname -aKU`
`pciconf -lv | grep -A4 vgapci`
`pkg info drm-61-kmod`
`dmesg`

dmesg (ujumbe wa kerneli) ichukuliwe wakati huohuo, usisubiri kuwasha upya. Andika pia waziwazi kwamba 14.2 ilikuwa inaamka, na toleo la drm-61-kmod lililokuwa huko. Peleka kwenye GitHub ya freebsd/drm-kmod. Ikithibitika kosa liko ndani ya kerneli yenyewe, tutafungua nyingine bugs.freebsd.org.

Wala usikae 14.2 ukisubiri, iliacha kupata viraka vya usalama mwisho wa Septemba 2025.

Mchimbaji

Samahani kuingilia. Mimi sina ZFS, natumia UFS (mfumo mwingine wa faili, hauna Boot Environments), na nataka kusasisha vilevile. Nikipatwa na haya nitarudije?

Bi_Mizizi

freebsd-update huhifadhi kerneli ya zamani kwenye /boot/kernel.old. Kwenye menyu badilisha Kernel uchague hiyo. Moduli iliyopo /boot/modules bado ni ya zamani na programu za mfumo bado ni za zamani, kwa hiyo vyote vitalingana na utawaka na picha zako. Ukitaka kuachana na usasishaji kabisa, `freebsd-update rollback`. Ila wewe bado hujaanza, basi toa i915kms kwenye kld_list kwanza.

Mwanagenzi_BSD

Ripoti nimeshaituma, dmesg nimeambatanisha. Mtu mmoja kwenye mradi ameshanijibu na kunipa kiraka ili nikijaribu. Naanza kukompaili sasa hivi, nitaleta majibu.