Acheni kutuuzia magari ya mashindano kwa safari ndefu za jangwani

Wanajukwaa, mniwie radhi kwa urefu wa uzi huu. Kwa ukali wake sitaomba radhi. Kwa muda sasa nimekuwa nikitafuta UTV ya kuvukia jangwa, yaani kile kigari cha wazi chenye fremu ya mabomba ambamo dereva na abiria huketi bega kwa bega, na kila ninayemwomba ushauri, awe muuzaji, awe mrekodi video za kusifia magari, awe mchangiaji wa humu ndani, hunijibu swali ambalo sikuliuliza. Nikiuliza kitakwenda kilomita ngapi kikiwa kimejaa mzigo, naambiwa kina nguvu farasi 200. Nikiuliza belti yake, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, inavumiliaje joto kwenye mchanga laini, naambiwa kimeshinda Dakar, yale mashindano maarufu ya magari ya jangwani.

Tuanze na hiyo Dakar, maana ndiyo fimbo mnayotuchapia. Ni kweli kwamba mashindano hayo yana kundi rasmi la magari haya tangu 2017, na ni kweli kwamba watengenezaji wa UTV Polaris na Can-Am wote wameshinda humo. Lakini gari la Dakar hulala kambini, na likifika jioni mafundi hulifungua usiku kucha, wakabadilisha belti, chujio, beringi, na shokomzoba zikihitajika, hata dereva analikabidhiwa asubuhi likiwa limekaguliwa nati kwa nati. Ni kwenye hatua za marathoni tu ambapo msaada huo huondolewa, na madereva wenyewe huziogopa hatua hizo kuliko nyingine. Mimi safari yangu yote ni hatua ya marathoni. Sina lori la vipuri linalonifuata, sina fundi anayenisubiri jioni, na mafuta nitakayotumia ni yale niliyoyabeba mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba gari fulani ni zuri kwa jangwa kwa sababu limeshinda jangwani, ananithibitishia tu kwamba hajawahi kukaa chini akaipanga safari ya aina hii.

Jambo ambalo hakuna muuzaji anayetaka kulizungumzia ni uzito. UTV nyingi za viti viwili za kundi la michezo zinaruhusiwa kubeba kilo 300 hivi kwa jumla, na katika jumla hiyo dereva na abiria wamo. Hebu tupige hesabu pamoja. Watu wawili wenye kilo 80 kila mmoja wameshakula 160. Maji ya kunywa na kupikia kwenye joto kali, tukikadiria lita 6 kwa mtu kwa siku, kwa siku tano ni lita 60, ambazo ni kilo 60. Petroli ya akiba lita 60 ni kilo 45 hivi, bila kuhesabu madumu yenyewe. Tumeshafika kilo 265 na bado hatujapakia chakula, hema, vifaa vya kulalia, spana, jeki, belti za akiba, kamba ya kuvutia, mbao za kujinasulia mchangani, wala tairi la akiba, ambalo magari haya kwa kawaida hayaji nalo. Ukimaliza kupakia umevuka kikomo, na kila kilo unayoizidisha inazilalia springi zilezile ambazo video za matangazo zinazionyesha zikiruka vilima vya mchanga zikiwa tupu.

Na hata kabla ya jumla hiyo, kuna kikomo cha sehemu ya nyuma peke yake. Maverick X3 ya Can-Am, ambayo ndiyo inayopigiwa debe kuliko zote, inaruhusiwa kilo 90 hivi huko nyuma, wakati Teryx KRX 1000 ya Kawasaki, isiyo na turbo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu) na ambayo wapenda kasi huidharau, inabeba karibu kilo 160. Tofauti hiyo ni maji ya safari nzima kwa watu wawili, na bado nafasi inabaki. Je, mmewahi kuona kichwa cha habari cha video kinachotaja namba hiyo? Kinachotajwa ni sekunde za kufikia kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo sijui nitalifanyia wapi nikiwa na madumu mgongoni.

Petroli nayo ina hesabu yake. Matangi ya Maverick X3 na KRX yanachukua lita 40 hivi, la Yamaha YXZ1000R lita 34, na la Honda Talon 1000 lita 27 na ushee. Kwenye njia ngumu ya changarawe, gari la aina hii likiendeshwa kwa utulivu linaweza kutoa kilomita 5 kwa lita. Ukiingia kwenye mchanga mwororo, ambako injini inasukuma muda wote na tairi zinachimba, usishangae kupata nusu ya hiyo. Maana yake ni kwamba tangi la lita 40 lililotangazwa kuwa la kilomita 200 linakuwa la kilomita 100, na dumu moja la lita 20 ulilolibeba kwa jasho linakununulia kilomita 50 tu. Muuzaji mmoja aliniambia, bila hata kupepesa macho, kwamba “tangi linatosha siku nzima”. Siku nzima ya nani, kaka? Yako wewe unayezunguka uwanja wa maonyesho?

Halafu kuna okteni, yaani kipimo cha petroli kustahimili shinikizo bila kujilipukia, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda kweli. Injini nyingi zenye turbo zinahitaji petroli ya daraja la juu, ile ya okteni 95 kwa kipimo kinachotumika katika sehemu kubwa ya dunia, ilhali zile za kuvuta hewa zenyewe kwa kawaida huridhika na ya daraja la kawaida. Kadiri unavyoingia ndani ya jangwa ndivyo unavyokutana na petroli ya mapipa, ambayo haijulikani imekaa tangu lini wala ni ya daraja gani. Ukiitia kwenye injini yenye shinikizo la turbo, kwenye joto la mchana, ukiwa na mzigo, mchanganyiko hujilipukia kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Injini yenye vihisio vizuri itajipunguzia nguvu ili isijiue, na hapo zile nguvu farasi ulizozilipia zimekwisha kazi. Isipojiokoa, pistoni zitaumia. Mtu anayempendekezea msafiri turbo bila kumuuliza kwanza atajaza mafuta wapi anamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nije kwenye belti. Magari mengi ya kundi hili huendeshwa kwa belti ya mpira inayokaa kati ya klachi mbili zinazobadilisha upana wake, na ni mfumo mzuri hadi unapopata moto. Joto linatokana na kuteleza, na kuteleza kunatokana na kukokota mzigo mzito polepole huku umeacha gia kwenye H (ya mwendo wa kasi) badala ya L (ya mwendo wa polepole wenye nguvu), jambo ambalo wauzaji wengi hata hawalielezi wanapokukabidhi ufunguo. Belti mpya inahitaji kuzoeshwa taratibu kwa makumi ya kilomita ya mwanzo, ikipata moto na kupoa, kabla ya kutwishwa mzigo. Kwa hiyo hata hizo za akiba ulizozibeba ni vizuri ziwe zimeshatumika kidogo nyumbani. Na ikikatika, kazi si kuvalisha nyingine tu. Nyuzi zake hujisokota kwenye shafti nyuma ya klachi, vipande vya mpira huingia hadi kwenye bomba la kupitishia hewa ya kupoza, na usipovitoa vyote kwa koleo na subira, belti ya pili itaifuata ya kwanza. Kifuniko chenyewe kimekaa mahali ambapo mkono hupita kwa shida kati ya bomba la moshi na gurudumu la nyuma. Nimeshindwa kumpata muuzaji hata mmoja aliyekubali kukifungua mbele yangu ili nione kazi inachukua muda gani.

Wapo watakaoniambia ninunue basi gari lisilo na belti. Sawa, hoja hiyo ina uzito, na ningependa tuijadili badala ya kuitupia kando. Talon ina giaboksi ya klachi mbili yenye gia sita, YXZ ina giaboksi ya gia tano kama ya pikipiki, na Maverick R ya Can-Am iliyotoka 2023 imekuja na gia saba. Kwa msafiri asiye na fundi nyuma yake, kuondokana na belti ni nafuu kubwa. Lakini Talon ndiyo yenye tangi dogo kuliko zote nilizozitaja, na giaboksi ikiharibika jangwani hakuna koleo litakalokusaidia, tofauti na belti ambayo mtu yeyote aliyejifunza anaweza kuibadilisha mwenyewe. Huo ndio mjadala ninaoutafuta hapa na siupati.

Vumbi limenitia hasira kwa namna ya pekee. Nilikwenda kukagua gari la maonyesho ambalo muuzaji aliapa kwamba “limetunzwa kama yai”. Nilimwomba anifungulie boksi la chujio la hewa. Alihangaika kutafuta bisibisi, akalifungua, na nikapitisha kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye injini, upande ambao hewa imeshachujwa. Kidole kilitoka na vumbi laini la kahawia, na nilipolisugua kwa kidole gumba lilikwaruza. Vumbi likishafika hapo, limeshafika kwenye silinda, na linalofanya huko ni kusaga ringi na kuta za silinda hadi injini ianze kula oili. Nilipomwonyesha, alinijibu kwamba magari haya “ni ya vumbi kwa asili”. La hasha! Magari haya ni ya kuendeshwa kwenye vumbi, na ndiyo sababu chujio lililokaa sawasawa, lenye grisi kwenye mdomo wake na kitambaa cha kuzuia vumbi kubwa kwa nje, lina maana kubwa kuliko taa zote za rangi alizozifunga juu ya paa.

Kuhusu tairi sitasema mengi: zile zenye makasia ni za kuchezea kwenye vilima vya mchanga, na kwenye mawe zitakuacha njiani. Kioo kizima cha mbele nacho, ambacho kila duka hukusukumia kama zawadi, hufanya vumbi la nyuma livutwe na kuzunguka ndani hadi mnakaa humo mkikohoa. Usipoziba na nyuma pia, ni afadhali helmeti na miwani.

Jambo jingine ambalo muuzaji wa gari lililotumika halisemi ni kama lilikuwa na wito wa kurudishwa kiwandani. Mwaka 2016 Polaris iliwaita wamiliki wa UTV zake za RZR 900 na 1000 zipatazo 133,000 nchini Marekani kwa sababu ya hatari ya moto, na 2018 ikakubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 kwa kuchelewa kuripoti kasoro. Magari ya miaka hiyo bado yanazunguka sokoni. Kuangalia namba ya chesesi kama ukarabati ulifanyika ni kazi ya dakika chache, na bado nimekutana na wauzaji wanaoliona ombi hilo kuwa ni matusi.

Sasa ninaomba majibu kutoka kwa waliovuka jangwa bila lori la msaada, si kwa waliotazama. Andika aina ya gari, uzito uliobeba kwa kilo, lita ngapi zilitumika kwa kila kilomita 100 kwenye mchanga na ngapi kwenye changarawe, belti ngapi zilikatika na ukiwa kwenye gia gani, na petroli ya daraja gani ulilazimika kuijaza. Anayetaka kuniandikia “chukua turbo, utanishukuru baadaye” naomba apite tu, asiandike.