Mfarishi wa mabaki ya vitenge kwa ajili ya Krismasi: nianzie wapi ili nisiharibu tena?

Binti wa Marangu (12 Oktoba)

Habari zenu, wapenzi wa sindano. Fundi wa mtaani kwetu Mbezi amenipa viroba viwili vya mabaki ya vitenge, na nimekusudia kumshonea mama mfarishi wa kujifunika jioni anapokaa jikoni kando ya moto. Nyumbani ni Marangu, upande wa juu karibu na msitu, na anayedhani kwamba Desemba ni joto kila mahali hajalala kule baada ya mvua kunyesha mchana kutwa. Nitaondoka Dar es Salaam tarehe 19 Desemba, kwa hiyo nina wiki tisa na siku chache, na sina cherehani.

Mwaka jana nilijaribu nikaumbuka. Nilikata miraba ya inchi 5, nikaiunga kwa mkono, nikachanganya khanga nyekundu mpya na shuka jeupe, na ndani nikajaza sufi niliyoitoa katika mito ya zamani. Ulipofuliwa mara ya kwanza weupe wote uligeuka waridi, sufi ikajikusanya upande mmoja kama matonge ya ugali, na pembe za miraba, ambazo tangu mwanzo hazikuwa zikikutana, zikazidi kupishana. Mama aliupokea kwa shukrani nyingi, lakini nilipokwenda Pasaka nikaukuta stoo umefunikwa juu ya magunia ya mahindi.

Naomba mnisaidie katika mambo matatu: namna ya kuhakikisha kwamba rangi hazichuji, kitu cha kuweka ndani kisichojikusanya, na namna ya kushona ambayo mtu wa mkono mtupu ataimaliza kwa wakati. Nina pia mawifi wanne ambao ningependa kuwapelekea kazi ndogo ya mkono, ikiwa muda utaruhusu.

Fundi wa Ngarenaro (12 Oktoba)

Pole, dada. Kosa lako la kwanza hulifanya karibu kila mtu, kwa sababu tumezoea kufua nguo baada ya kuishona, ilhali kazi ya viraka hutaka kila kitambaa kifuliwe kabla ya kugusa mkasi. Chukua kipande kimoja cha kila rangi, ukiroweke peke yake nusu saa katika bakuli jeupe lenye maji ya moto kiasi na sabuni, kisha ukitoe na kukikandamiza juu ya kitambaa cheupe. Maji yakibaki safi na kitambaa cheupe kisipokamata rangi, umepona. Yakibadilika, fua kitenge chote na kusuuza mara kwa mara hadi maji yatoke meupe, na kinachoendelea kuchuja baada ya mara nne au tano usikionee huruma, kitupe nje ya kazi hii. Wekundu, bluu iliyokoza na weusi ndio wa kuchungwa. Habari ya kuroweka katika chumvi au siki ili rangi ishike nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na vitambaa vya kiwandani vya siku hizi havijawahi kunithibitishia. Kinachosaidia ni kuiondoa rangi iliyozidi kwa maji na sabuni. Ule mfarishi wa mwaka jana ungeweza kuokoka kama ungerudishwa majini palepale ukiwa mbichi. Ukishakaushwa na kupigwa pasi, waridi inakuwa yako.

Jambo la pili, chambua viroba vyako kwanza. Si kila kinachouzwa kama kitenge ni pamba. Vuta nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni, uziwashe juu ya sahani: za pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, na za poliesta huyeyuka zikawa kidonge kigumu cheusi. Usichanganye vya aina mbili katika mfarishi mmoja, kwa maana vya pamba vitasinyaa na vya poliesta havitasinyaa, na pasi inayonyoosha kimoja itaunguza kingine.

Kuhusu cha ndani, sufi ni ya mto, haifuliki. Pamba ya kufumua nayo vilevile. Nenda mtumbani ukatafute blanketi jepesi la manyoya mafupi, lile la poliesta, ambalo halisinyai, halijikusanyi na hukauka upesi. Blanketi la sufu ya kondoo usilichukue hata ukipewa bure, kwa sababu likilowa ni zito kama mtoto na likifuliwa kwa maji ya moto litavuta mfarishi wote.

Mwalimu Mstaafu wa Sayansi Kimu (13 Oktoba)

Naunga mkono yote aliyosema fundi, na ningependa nizungumzie umbo la kazi yenyewe, kwa kuwa naona ndiko ulikoshindwa hasa. Miraba midogo iliyokatwa sawasawa ni kazi ya mtu mwenye kitambaa kizima, rula ndefu na subira ya kupanga pembe. Wewe una mabaki ya fundi, ambayo kwa kawaida ni vipande vyembamba na virefu vilivyokatwa kando ya mikono na mashingo, vingi vikiwa vya mshazari, na kitambaa cha mshazari hunyooka kama mpira ukikivuta. Usilazimishe vipande hivyo viwe miraba. Vishone kama kanda zinazozunguka kitovu, mtindo ambao Marekani ulipendwa sana katika nusu ya pili ya karne ya 19 na ambao wenyewe huufananisha na nyumba ya magogo, ukuta juu ya ukuta. Kitovu mara nyingi walikifanya chekundu, nao husema kwamba ni moto wa jikoni, jambo ambalo kwa mama yako halihitaji maelezo.

Kata shuka kuukuu la pamba katika miraba ya inchi 11 na nusu. Hii ndiyo itakayoshikilia vipande vya mshazari visivutike. Katikati ya kila mraba weka kitovu cha inchi 2 na nusu. Lalia ukanda wa kwanza wenye upana wa inchi 2 juu ya kitovu, uso kwa uso, ushone robo inchi kutoka ukingoni ukipenya hadi kwenye shuka, kisha ufunue ukanda na kuukandamiza kwa ukucha au pasi. Geuza mraba, weka ukanda wa pili ukifunika kitovu pamoja na ncha ya ukanda wa kwanza, na uendelee kuzunguka upande mmoja hadi mwisho. Mizunguko mitatu, yaani kanda 12, itakupa mraba ambao ukishaungwa na wenzake utakuwa na inchi 11 kamili. Ukanda mrefu kuliko wote ni wa inchi 11 na nusu, hivyo hata kipande kisichofika futi moja kina kazi yake. Pande mbili zinazopakana zipe rangi zilizokoza na mbili zilizobaki rangi zilizofifia. Ukiipanga miraba utaona michirizi ya mshazari ya mwanga na kivuli ikijitokeza yenyewe, na pembe zenye kukutana zitakuwa chache mno kiasi kwamba hakuna atakayezikagua.

Sasa tuhesabu kwa ukweli, maana kazi nyingi za Krismasi huharibiwa na hesabu ya matumaini. Mraba mmoja una takriban inchi 84 za mshono. Miraba 20, yaani minne kwa mitano, ni karibu mita 43 kwa mkono, kabla hujaunga mraba na mraba. Ukimaliza mitatu kwa wiki utakuwa umefika mwisho wa Novemba, na Jumapili ya kwanza ya Majilio haichelewi kupita tarehe 3 Desemba. Mfarishi utakuwa wa inchi 44 kwa 55, si wa kitanda. Ni wa mapajani na magotini, na kwa mtu anayekaa kando ya moto ndio unaofaa, kwa sababu wa kitanda ungeburuzwa majivuni. Ukitaka wa kitanda, mwombe jirani mwenye cherehani au uupange kwa Krismasi ya mwakani.

Usijaribu kupitisha mishono midogo kwenye tabaka zote. Utakuwa na kitenge, shuka, blanketi na kitambaa cha chini, tabaka nne, na kidole chako kitakuchukia hata ukivaa subana. Funga vifundo. Tandaza tabaka chini sakafuni, zipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda nje ili zisitembee, halafu kwa uzi wa kudarizi wenye nyuzi zote sita zama na kuibuka mara mbili palepale, ufunge fundo mara mbili na kukata ncha. Weka kifundo katikati ya kila mraba, kila pembe zinapokutana na katikati ya kila upande. Ni kazi ya jioni tatu.

Mzanzibari wa Muscat (14 Oktoba)

Assalaam alaykum na salamu kwenu nyote. Krismasi si sikukuu yetu, lakini sindano ni ya kila mtu, na nimeona nichangie kwa kuwa dada amesema hana cherehani. Kule Karnataka, India, wako Wasiddi, watu ambao wengi wa mababu zao walitoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki, na wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Hawaungi viraka kwanza. Hutandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari ya zamani, huanzia pembeni na kushikiza viraka moja kwa moja juu yake kwa mishono midogo iliyonyooka, wakizunguka ukingo wote na kuingia ndani hatua kwa hatua hadi wanapokutana katikati. Kuunga, kushikiza na kupinda vyote huisha kwa mshono mmoja. Kwenye pembe nne hubandika vitambaa vidogo vilivyokunjwa kama ua, na bila maua hayo mfarishi huhesabiwa kuwa uko uchi.

Mimi nimezoea kudarizi kofia, kazi ambayo mtu huhesabu matundu mpaka macho yakaona nyota, na nasema kawandi hupumzisha macho kwa sababu hakuna mstari wa kufuata ila ule uliopita. Ila mishono yake hukaribiana sana, kwa hiyo kwa wiki tisa sijui kama nitamshauri mtu aliyeumbuka mara moja aanze nayo. Labda ajaribu kwa mto.

Binti wa Marangu (14 Oktoba)

Nawashukuru sana. Mwalimu, nimeikubali hesabu, japo imeniuma kupunguza ukubwa. Nimechambua kiroba cha kwanza jana usiku na nusu yake nzima imeyeyuka kwenye sahani, jambo ambalo nisingelijua. Ninayo doti ya khanga yenye jina «Nani kama mama» ambayo ningependa iwe kitambaa cha chini, jina likae mahali linaposomeka. Je, upande mmoja wa doti unatosha?

Fundi wa Ngarenaro (15 Oktoba)

Hautoshi, lakini kidogo tu. Khanga nyingi zina takriban sentimita 110 kwa 150, yaani kama inchi 43 kwa 59, na mfarishi wako ni 44 kwa 55. Urefu unao, upana umepungua, na kitambaa cha chini kinatakiwa kizidi cha juu pande zote. Ifue kwanza, kwa sababu ule ukakamavu wa dukani ukitoka nayo husinyaa, halafu unga ukanda wa kitenge wa inchi 4 kila upande mrefu. Ukimaliza vifundo, kunja kinachozidi mara mbili kije mbele na ukishonee kama pindo, usitafute utepe mwingine. Angalia tu jina lisielekee kichwa chini. Nilimshonea mteja mmoja hivyo, akaligundua siku ya kukabidhi zawadi mbele ya ukoo mzima.

Binti wa Marangu (2 Novemba)

Narudi na taarifa. Nina miraba saba mizuri na minne ya mwanzo ambayo imekwenda upande kwa sababu nilikuwa navuta ukanda nikiushona. Kitovu chekundu nimekisuuza mara sita hadi maji yakatoka meupe. Hii minne mibovu nafikiri kuiwekea mabaki ya blanketi ndani, niipige pindo na kuitia kitanzi pembeni, iwe vishikio vya sufuria kwa mawifi. Pembeni nitadarizi herufi ya kwanza ya jina la kila mmoja kwa mshono wa mnyororo, nyuzi mbili kati ya zile sita.

Mwalimu Mstaafu wa Sayansi Kimu (2 Novemba)

Wazo zuri, na kupinda kwa miraba hakutaonekana. Lakini blanketi hilo usilitie katika vishikio. Ni poliesta, na ikigusa sufuria ya moto itayeyuka na kushika kwenye kiganja cha wifi yako. Weka taulo kuukuu la pamba, mikunjo miwili.